Chungu Nilichokiosha

Nywele zangu zilianza kunyonyoka kwa mbele, pale pale mteja anapotazama kwanza. Zingeanzia kisogoni ningezificha, ningefunga kitambaa nusu kichwa nikaendelea na maisha. Lakini zilianzia juu ya paji la uso, zikarudi nyuma kidogo kidogo, kisha zikaingia pembeni karibu na masikio. Nikijitazama kwenye kioo cha saluni nilimwona shangazi yangu mzee, yule ambaye hata yeye hakupenda kujitazama.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu mtaa wa Hai Jalaba, Juba, mlango unatazama barabara, na nyuma yake kuna ua wenye vyumba vya wapangaji. Nimetoka Busia, mpakani. Nilikuja Juba kwa basi na begi la nywele bandia, kwa sababu niliambiwa wanawake wa huku wanapenda kusuka na wasusi hawatoshi. Ilikuwa kweli. Wenzangu walibandika picha ukutani za warembo wasiowajua. Mimi kichwa changu ndicho kilikuwa bango. Kila baada ya wiki mbili nilisukwa mtindo mpya na rafiki yangu wa soko la Konyo Konyo, nikarudi nikasimama mlangoni. Mteja alikuwa ananyoosha kidole tu: nataka kama hiyo yako.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Mimi nilijikata kwa miaka mingi bila kuona damu. Misuko ya kubana mpaka nyusi zinapanda, juu yake gundi ya wigi, na wigi likitoka nasukwa tena kesho yake. Kisha nikaugua taifodi, na taifodi ikamalizia kazi. Mhudumu mmoja wa kliniki alipitisha kidole pale mbele akasema ngozi imekuwa laini mno, na mahali palipolainika hivyo nywele hazirudi. Alilisema huku anaandika, hata kichwa hakuinua. Nilimchukia. Mpaka leo nikimwona njiani navuka upande wa pili.

Nikaanza kuvaa kilemba. Wateja wa zamani walidhani nimeokoka upya. Halafu siku moja akaja bibi harusi mtarajiwa na dada zake wanne, kazi nono ya siku nzima. Nikiwa nimeinama kuchukua kitana, kilemba kikateleza. Kilikuwa kitendo cha sekunde mbili. Yule bibi harusi akanitazama kwenye kioo, akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniua, "Dada, hiyo ilitokana na kusuka?" Nikasema ni ugonjwa. Wakanong'onezana kwa lugha yao. Wakasema wanaenda kula, watarudi. Hawakurudi.

Baada ya hapo niliona wazi ninachosimamia. Kichwa kikiisha, kazi imeisha. Na kazi ikiisha sina kitu kingine Juba, wala Busia sina pa kurudi ila kwenye sebule ya kaka yangu, nilale kwenye kochi, watoto wake waniulize mbona shangazi havui kitambaa. Niliogopa. Sisemi nilihuzunika, niliogopa, kama mtu anayesikia maji yanaingia ndani ya nyumba.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilianza na maji ya mchele. Mwanamke mmoja kwenye video ya simu, nywele zake zinafika kiunoni, alionyesha namna ya kuloweka mchele, kuchuja maji, kuyatia kwenye chupa na kuyaacha siku tatu yachache, "kwenye joto la kawaida la chumba". Chumba cha nani? Huyo dada alikuwa amevaa sweta. Mimi nilikuwa chini ya mabati ya Juba, mwezi wa tatu, mwezi ambao hata mshumaa uliozimwa unajikunja. Siku ya pili adhuhuri ile chupa ikalipuka rafuni. Kifuniko kikagonga bati, pa! Kabla sijafumba macho, wateja wangu wote walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni, mmoja na rola zake kichwani, mwingine nusu amesukwa, na mwenye duka la jirani ameshafunga mlango wake wa chuma. Huku mtu hasubiri kuuliza mlio ni wa nini. Nilipowaambia ni mchele, walicheka mpaka machozi, kisha mmoja akaniuliza mchele wa nini ndani ya chupa. Nikasema wa kupigia vitambaa pasi.

Baadaye akaja mteja mmoja aliyekulia Nairobi, anafanya kazi duka la dawa. Huyo nilimwamini nikamwonyesha. Akasema, "Mresh, hiyo ngozi yako imekufa njaa. Inataka bakteria poa, wale wa kusaidia. Kuna vidonge, zinaitwa probayotiki. Mimi mwenyewe nakula, tumbo iko fiti."

"Na nywele?"

"Nywele sijui. Lakini jaribu tu, haziui."

Nilivimeza kwa wiki sita. Tumbo kweli likatulia. Nikaanza kuvifungua vile vidonge, nikachanganya ule unga na mtindi, nikapaka kichwani, nikafunga mfuko wa nailoni juu yake. Nzi wa Hai Jalaba wote walijua jina langu. Kichwa hakikujua lolote.

Sasa nimtaje Haboba. Haboba maana yake bibi, kwa Kiarabu cha Juba, na ndivyo ua mzima tulivyomwita. Alikaa chumba cha pili kutoka changu, peke yake. Alikuwa mtu wa kusini, karibu na mpaka, aliyeishi miaka mingi kambini Uganda wakati wa vita na kurudi uzeeni. Tulielewana kwa Kiswahili chake cha Uganda, kisichojali ngeli. Kazi yake ilikuwa kupika kisra, ule mkate mwembamba kama karatasi unaotengenezwa kwa uji mchachu wa mtama na kutandazwa juu ya bamba la chuma la moto. Wenye vibanda vya chakula walikuja kuchukua kila asubuhi. Walisema kisra ya Haboba ina ukali fulani ambao nyingine hazina, mtu akila anataka mchuzi zaidi.

Ukali huo ulitoka kwenye chungu kimoja cha udongo, cheusi, chenye ukoko kuzunguka mdomo. Humo mlikaa ajin, yaani kinyunga chake kilichochacha. Kila siku alichota cha kupikia, akabakiza kidogo chini, akaongeza unga na maji, kesho yake kikawa tayari. Juu yake palikaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, machachu, yenye mapovu. Na maji hayo, kila Jumamosi, Haboba alikuwa anaoshea nywele zake.

Nilizijua nywele hizo kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye niliyemsuka. Nyeupe, nzito, zimejaa mpaka mbele kabisa, zinaukamata mkono. Mwanamke mwenye wajukuu! Nilimsuka mistari huku nimeuma meno kwa wivu. Siku moja nikamwomba yale maji.

"Ya nini?" akauliza.

"Kuna mteja wangu nywele zinamtoka."

"Mteja yako," akasema, na hakutazama kilemba changu. Akachota bakuli. "Aoshe, akae nayo kidogo, atoe na moya, maji safi. Asitie sabuni. Dada yangu ndiyo alinifundisha hii kule kambi. Sisi zote mbili, nywele yetu ilikuwa hivi." Akaonyesha begani.

Nilimchukulia "mteja wangu" bakuli moja kila Jumamosi kwa muda wa miezi miwili. Mengine niliyatumia yalivyo, mengine nikayachachisha tena na uwatu na majani ya mwarobaini. Nilinuka kama pipa la pombe ya kienyeji, nikajipulizia manukato juu yake, ikawa mbaya zaidi. Asubuhi moja nikasogea karibu na kioo, pembeni kushoto, nikaona vinywele. Vifupi, vyembamba, vimesimama. Nilivihesabu: kumi na kimoja. Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha, mlango umefungwa, na wateja wanagonga nje.

Ningesema huenda vingeota hata bila ule uchachu. Leo naweza kusema hivyo. Wakati ule ungeniambia hivyo ningekurushia kitana.

Wiki hiyo hiyo Haboba akapata habari kwamba dada yake amefariki. Gari la kuelekea kwao lilikuwa linaondoka asubuhi ile. Alifunga nguo mbili kwenye kanga, akanipa ufunguo. "Ile maji ya juu, chukua, pelekea mteja yako," akasema. Hata katika hali ile alikumbuka. Kisha akaondoka, na mimi nikabaki na ufunguo na deni la wema.

Sisi kwetu mtu akienda msibani, jirani hamwachii nyumba chafu. Unamfulia, unamfagilia, unamwoshea vyombo, ili akirudi na huzuni yake asikutane na kazi. Mama yangu alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko dini. Basi nikafanya. Nikafua mashuka yake, nikapiga deki, nikasugua bamba lake la chuma. Kisha nikafika kwenye chungu. Nilichungulia: kinyunga kilichobaki chini, ukoko mweusi ubavuni, harufu. Nikajiambia kwa joto hili, siku kumi na zaidi bila mtu, kitaoza chote. Nikamimina kila kitu, maji na kinyunga, kwenye chupa zangu tatu, na safari hii vifuniko nikavilegeza. Nikamshukuru Mungu kwa akiba hiyo. Akiba haiozi, husema Waswahili. Yangu ilikuwa imeshaoza tangu mwanzo, ndiyo maana niliitaka.

Halafu nikakisugua kile chungu. Kwa majivu kwanza, kisha kwa sabuni, kisha kwa waya wa kusugulia sufuria, mpaka ukoko wote ukabanduka na udongo ukaonekana mwekundu. Nikakianika juani siku mbili. Nikatia kilo moja ya sukari ndani yake, kwa sababu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Nilisimama nikakitazama, nikajiona mtu mwema.

Haboba alirudi siku ya kumi na mbili, asubuhi, nikiwa mlangoni. Sikumtambua. Alikuwa amenyolewa. Zile nywele zote nilizozijua, hakuna, kichwa cheupe kwa vumbi na kidogo sana. Kwao wanawake wa karibu hunyoa mtu wao akifa. Nilimkumbatia, nikampeleka chumbani, nikamwonyesha mashuka, akashika mkono wangu akasema, "Asante, mtoto yangu, asante." Kisha akaona chungu.

Alikiinua. Akaangalia ndani, akaona sukari. Akaingiza mkono akapapasa ubavu, polepole, kama anatafuta kitu gizani. Akanusa vidole.

"Umeosha," akasema.

"Ndiyo, Haboba. Na sabuni."

Hakunipigia kelele. Natamani angenipigia. Aliketi kitandani na chungu mapajani, akanieleza, na alinieleza bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Chungu hicho hakikuwahi kuoshwa tangu kambini. Kinyunga cha kwanza alipewa na dada yake, siku walipofika huko hawana kitu, na dada yake alikuwa amekibeba kutoka nyumbani kimekaushwa kwenye kitambaa. Ukali wa kisra yake ulikuwa huo. Ulikaa katika kinyunga na katika udongo wenyewe. Chungu cha dada yake kilikuwa na uchachu huo huo, lakini kilivunjwa juu ya kaburi lake, kama desturi yao.

"Mimi nilifikiri, si kitu, yangu iko," akasema. "Malesh, si neno. Hukujua. Kalas, imekwisha."

Sasa nifike mahali nisipopenda kufika. Chupa mbili nilikuwa nimeshazitia uwatu na mwarobaini, na nusu yake imeshaishia kichwani. Ya tatu ilikuwa chini ya kitanda changu, haijaguswa, haijatiwa kitu. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale mbele yake. Mdomo wangu ulikuwa wazi, tayari kusema. Nikafikiria vile vinywele kumi na kimoja. Nikafikiria kochi la kaka yangu. Nikasema, "Pole sana, Haboba," nikatoka.

Siku nane. Alichanganya unga mpya na maji, akangoja. Siku ya tatu ukatoa harufu ya soksi. Akamwaga, akachanganya tena. Akatia ndimu kidogo. Akaenda mtaa wa Juba Na Bari kuomba chachu kwa mwanamke anayemfahamu, akapika, na mimi nilionja: ilikuwa kisra, nzuri tu, kisra ya mtu mwingine. Wenye vibanda walichukua siku ya kwanza. Siku ya pili mmoja akarudisha, akasema watu wanauliza Haboba amekufa? Alikuwa anatania. Haboba akacheka naye, akaingia ndani, akakaa huko mpaka jioni.

Na mimi kila asubuhi nilifunga mlango, nikavuta chupa, nikamimina kidogo kiganjani, tone kwa tone, nikipima, maana ilikuwa ya mwisho duniani. Nilijipaka. Nilivihesabu vinywele. Kumi na kimoja. Kumi. Kumi na kimoja tena, labda. Nilimchukia Haboba kwa kukaa kimya. Nilimchukia dada yake kwa kufa wiki ile. Nilijichukia nafsi yangu zaidi, lakini hiyo haikunizuia kufungua chupa. Nilikuwa mwizi, na nilikuwa naiba kutoka kwa maiti, na nilikuwa na hofu kwamba kitu nilichoiba kitaisha.

Asubuhi ya tisa nilimkuta uani amekiweka kile chungu chekundu juani, amepanda miche ya bamia ndani yake. Ameweka udongo, amemwagilia, anafuta mikono. Sijui kwa nini bamia ndizo zilizonivunja. Niliingia ndani nikaichukua chupa, ilikuwa imebaki robo, nikaja nikapiga magoti mbele yake pale pale penye matope. Nikavua kilemba.

"Hakuna mteja," nikasema. "Ni mimi. Ni hii hapa, ya kwako, haijatiwa kitu. Nilikuwa nayo siku zote."

Hakutazama chupa. Alitazama kichwa changu, uwanja wote ule unaong'aa, na uso wake ukabadilika, akauliza kwa sauti ya chini, "Ya biniya, mtoto yangu. Nani amekufa kwako?"

"Hakuna, Haboba. Zimetoka tu."

Aliweka kiganja chake pale mbele, chenye udongo wa bamia, akakiacha hapo. Alikuwa anajua muda mrefu, nadhani, lakini kujua na kuona si sawa. Tukakaa hivyo, vichwa viwili visivyo na nywele, wapangaji wanapita wanajifanya wana haraka.

Kisha akachukua chupa, akanusa, akafumba macho. Nikangoja aikumbatie akimbie nayo ndani. Aliniambia nilete bakuli na kijiko. Akatia unga kwenye bakuli, maji, akakoroga. Akainamisha chupa akajaza kijiko kimoja, kijiko cha chai, akakimimina katikati. Akafunika kwa kitambaa. Halafu akaifunga chupa kifuniko, akanirudishia mkononi.

Sikuelewa. "Yote ni yako," nikasema. "Tia yote."

"Ya nini yote?" Alinishangaa kweli. "Hii iko hai. Inakula unga, inazaa. Kesho iko bakuli mzima, kesho kutwa chungu. Ungeniambia ile siku nimerudi, mimi ningepata yangu na wewe yako. Kwani wewe ulifikiri inaisha?"

Ndivyo nilivyofikiri. Kwa miezi yote ile nilikuwa napaka kitu hai kichwani na kukipima kama dawa ya dukani. Yule mteja wa Nairobi alikuwa ameniambia bakteria, bakteria, na mimi nikasikia chupa.

Kesho yake bakuli likafura mapovu. Siku ya nne kisra ikatandazika juu ya bamba bila kuchanika, na harufu ile kali ikazunguka ua. Alinikatia ya kwanza. Nilikula nikiwa nimesimama, na ilikuwa chachu sana.

Miezi imepita. Nywele za Haboba zimerudi zote, nyeupe, zimefika mahali pa kushikika, na Jumamosi iliyopita aliniomba nianze kumsuka tena. Zangu hazijarudi. Vile vinywele kumi na kimoja vilidondoka wiki moja vyote, na mhudumu wa kliniki alikuwa amesema kweli, Mungu amsamehe. Wateja wamebaki wachache wasiojali. Bado kila wiki Haboba ananiletea bakuli la yale maji, limejaa mpaka juu, na mimi nalipokea kwa mikono miwili, naenda ndani, napaka.